Namna ya Kufungua Pakiti za Zamani za Kadi za Wachezaji: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Pwani

Kwa miezi kadhaa sasa picha ninazotumiwa na wasomaji zimekuwa za aina moja: kadi zilizogandana kama tofali, pembe zilizopondeka, na uso wa mchezaji ambao nusu yake imebaki mgongoni mwa kadi ya jirani. Wanaozituma si wazembe. Wengi wameagiza pakiti kwa fedha ya jasho, au wameletewa na ndugu aliyerudi kutoka Uingereza au Marekani, wakaiweka mezani siku hiyo hiyo na kuikata ncha kama mtu anavyokata pakiti ya biskuti.

Kosa lao kubwa ni kufuata maelekezo yaliyoandikwa na watu wanaoishi katika nchi zenye hewa kavu na baridi. Sisi wa Tanga, na wenzetu wa Pangani na Bagamoyo, tunafungua pakiti hizi katika hewa iliyojaa maji ya bahari, na hewa hiyo huanza kuziharibu kadi kabla ya mkono wa mtu kuzigusa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi nitakayoieleza hapa hufanyika pakiti ikiwa bado imefungwa.

Ninaposema pakiti za zamani nina maana ya zile zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990: za kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli na mpira wa kikapu za kampuni za Marekani za Topps, Fleer, Donruss na Upper Deck, pamoja na stika za soka za kampuni ya Panini.

Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usianze kazi ukiwa na pungufu la kifaa hata kimoja, kwa sababu hutaweza kuiacha katikati ukatoka kwenda dukani.

- Kontena la plastiki la lita 5 hivi lenye mfuniko wa kubana, kama lile la kuhifadhia unga. Liwe jipya, kwani harufu ya viungo na mafuta huingia kwenye karatasi na haitoki.
- Silika jeli, gramu 50 hadi 100. Vipakiti vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu vinafaa vikiwa vipya tu. Vilivyokaa kabatini mwaka mzima vimekwisha kushiba maji.
- Kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Bila hiki utakuwa unakisia.
- Shuka jeupe la pamba lililopigwa pasi, ili kila chembe inayodondoka ionekane.
- Chelewa mbili za ufagio mpya, zilizochongwa bapa upande mmoja na kulainishwa kwa msasa hadi ncha isiweze kuchoma ngozi. Nimejaribu vyuma na plastiki za aina nyingi, na sijapata kitu kinachopita chini ya mkunjo wa karatasi ya nta kwa upole kama chelewa.
- Mkasi mdogo wenye ncha butu. Wembe usiwepo kabisa mezani.
- Burashi mpya laini ya rangi za maji, na soksi ndefu ya nailoni ya kike iliyofuliwa na kusuuzwa vizuri.
- Vifuko laini vya plastiki na vifuko vigumu vya kadi zenye ukubwa wa milimita 64 kwa 89, ambao ndio ukubwa wa kawaida wa kadi za Marekani tangu Topps ilipoutumia mwaka 1957. Chagua vilivyotengenezwa kwa polipropilini. Plastiki laini yenye harufu kali ya mpira mpya huacha utando wa mafuta kwenye kadi.
- Simu yenye nafasi ya kutosha ya kurekodi video, na kitu cha kuisimamisha.

Sijataja mchele wala chumvi, ingawa najua wengi hutumia vitu hivyo kufyonza unyevu. Mchele una vumbi la wanga na huita wadudu, na chumvi katika hewa ya huku huyeyuka na kutoa maji. Viache jikoni.

Kwanza amua kama pakiti hiyo inapaswa kufunguliwa

Hatua hii haihitaji kifaa, na ndiyo inayorukwa zaidi. Pakiti iliyofungwa ni mali yenye bei yake, na ukishaifungua bei hiyo haipo tena.

Chukua mfano wa Fleer ya mpira wa kikapu ya mwaka 1986, ambayo kila mtu huitamani kwa sababu ya kadi namba 57 ya Michael Jordan. Seti yake ina kadi 132, na kila pakiti ina kadi 12, stika moja na kipande cha bigijii. Ukichukulia kwamba kadi zote zilichapwa kwa wingi sawa, nafasi ya kumpata Jordan katika pakiti moja ni kama moja kati ya kumi na moja. Maana yake ni kwamba katika pakiti kumi na moja, kumi hazitakuwa naye, na hata ile yenye naye inaweza kuwa na doa la nta au uchapaji uliokaa upande. Mwenye pakiti ya namna hiyo namshauri asiifungue.

Kwa upande mwingine, kadi za kati ya mwaka 1987 na 1993 hivi zilichapwa kwa wingi mno, kiasi kwamba pakiti nyingi za miaka hiyo hadi leo huuzwa kwa bei ndogo. Hizo ndizo za kujifunzia. Fungua angalau tano za bei rahisi kabla hujagusa ile unayoithamini, kwa kuwa vidole hujifunza kwa kutenda.

Hatua ya 1: Kagua kama pakiti haijawahi kufunguliwa

Walaghai hufungua pakiti kwa joto, huchukua kadi nzuri, huweka za kawaida, kisha huifunga tena. Nami niliwahi kununua pakiti tatu kwa muuzaji wa mtandaoni, na zote tatu zilikuwa zimekwisha kupekuliwa. Niligundua baada ya kuzifungua, wakati madai hayana tena mashiko. Kwa hiyo kagua kwanza, piga picha pande zote sita, ndipo uendelee.

Kwenye pakiti ya karatasi ya nta, igeuze mgongo juu na uiinamishe chini ya taa. Muhuri wa kiwandani huacha alama moja ya joto, tambarare, inayofanana kote. Ukiona mistari miwili ya mikunjo inayokaribiana lakini isiyolingana, nta iliyotapakaa nje ya eneo la muhuri, au karatasi iliyochanika kidogo chini ya mkunjo wa juu, shuku. Bonyeza taratibu kwa kidole: kadi za kiwandani huwa zimebanwa, hazichezi ndani kama pesa kwenye kopo.

Kwenye pakiti ya plastiki angavu tazama mshono wa mgongoni, ambao unapaswa kunyooka na kuwa na upana mmoja. Aina hii humwonyesha mnunuzi kadi ya mbele na ya nyuma, na kwa sababu hiyo pakiti yenye nyota mkubwa juu kabisa inastahili kukaguliwa mara mbili.

Jambo moja huwachanganya wengi. Kukosekana kwa bigijii peke yake si ushahidi wa ulaghai. Donruss ya besiboli tangu mwaka 1982 iliweka vipande vya picha ya kuunganisha mahali pa bigijii, Fleer ya besiboli iliweka stika, na Topps yenyewe iliacha kutia bigijii katika pakiti zake za besiboli mwaka 1992. Jua kwanza pakiti yako ilipaswa kuwa na nini.

Tena usitegemee cheti peke yake. Mwezi Januari 2022 huko Marekani lilifunguliwa kasha la kadi za Pokémon lililonunuliwa kwa dola milioni 3.5, likiwa limekwisha kuthibitishwa, na ndani zikakutwa kadi za G.I. Joe, yaani za wanasesere wa askari.

*Umefaulu hatua hii ikiwa* unaweza kumweleza mtu mwingine, kwa picha, kila mkunjo wa pakiti yako na kwa nini unauamini.

Hatua ya 2: Ipumzishe pakiti siku saba

Hii ndiyo hatua inayoziokoa kadi, na ndiyo wasomaji wengi wasiyoitaka kwa sababu inawadai subira.

Karatasi ya kadi hunywa maji kutoka hewani na kuvimba, kisha huyatoa na kusinyaa. Kadi zenye mng'ao wa miaka ya 1990 zina tabaka la varnishi linalolainika kwa unyevu na kushikamana na kadi iliyo juu yake. Bigijii nayo ni sukari, na sukari ikinywa maji huwa gundi. Hapa Tanga kipima unyevu cha chumbani kwangu hupita asilimia 80 alfajiri bila shida, na wakati wa masika husimama huko mchana kutwa. Ukiitoa pakiti ndani ya ndege au gari lenye kiyoyozi na kuifungua papo hapo katika hewa hiyo, umande hutua juu ya kadi zilizo baridi, kama unavyotua kwenye chupa ya maji iliyotoka kwenye friji.

Fanya hivi. Pakiti ikifika, iache ndani ya mfuko wake wa safari kwa saa mbili au tatu hadi ipate joto la chumba. Kisha itie kwenye kontena pamoja na silika na kipima unyevu, ikae juu ya kitambaa na isigusane na silika moja kwa moja. Funga mfuniko. Weka kontena mahali penye kivuli, mbali na dirisha na ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Unachotafuta ni usomaji wa kati ya asilimia 45 na 55. Ukishuka chini ya 40, punguza silika, maana kukausha kwa pupa nako ni hatari: upande mmoja wa kadi husinyaa kabla ya mwingine na kadi hukunjamana kama kigae cha paa. Karatasi ya nta hupitisha unyevu polepole, kwa hiyo usidanganyike na kipimo kilichofika 50 siku ya pili. Hiyo ni hewa ya kontena. Kadi zenyewe bado. Subiri siku saba kamili, na wakati wa masika subiri kumi.

*Onyo:* usiweke pakiti kwenye friji, usiianike juani, wala usiipulizie mashine ya kukaushia nywele. Joto huyeyusha nta na kuiingiza kwenye kadi, na hata kama kadi zitapona, pakiti itabaki na dalili zile zile za iliyochakachuliwa.

*Umefaulu ikiwa* kipimo hakijatoka kati ya 45 na 55 kwa siku tatu mfululizo, na pakiti ya nta ukiigusa inatoa sauti kavu ya karatasi badala ya kunata kidoleni.

Hatua ya 3: Chagua saa, andaa meza na mikono

Unyevu wa hewa hushuka mchana jua linapokuwa kali. Kwa hiyo fungua kati ya saa nane mchana na saa kumi alasiri, na ukiweza chagua miezi ya Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua ikiwa mbali. Mtu anayefungua usiku wa mwezi wa Aprili kwa kuwa ndipo alipopata nafasi amejitafutia taabu.

Zima feni. Kadi moja ikipeperuka na kutua kwa pembe yake sakafuni, hasara imepatikana. Funga dirisha linaloelekea upepo, tandika shuka, washa taa upande wako wa kushoto ikiwa unatumia mkono wa kulia, na uwatoe watoto chumbani kwa upole, pamoja na chai.

Osha mikono kwa sabuni, isuuze sana, ikaushe, kisha subiri dakika tano. Watu wengi huniuliza kuhusu glavu. Mimi sizipendi: za pamba hunasa pembe za kadi na za mpira huondoa hisia ya vidole. Mkono safi na mkavu unatosha, mradi uguse kingo tu. Katika joto letu, weka taulo ndogo pembeni na ufute vidole kila baada ya kadi tatu au nne, hata kama unajiona hutoi jasho.

Anza kurekodi sasa, pakiti ikiwa nzima na inaonekana mbele na nyuma, na usikatize hadi kadi ya mwisho ivae kifuko chake. Ukija kuuza au kudai, video iliyokatwa katikati haina nguvu.

Hatua ya 4: Fungua kwa mshono wake

Kila pakiti ilifungwa mahali fulani kiwandani, na mahali hapo ndipo dhaifu kuliko pengine pote. Kazi yako ni kupatafuta na kupafungua hapo, ili nguvu ya mkono iishie kwenye karatasi isifike kwenye kadi.

*Karatasi ya nta.* Laza pakiti kifudifudi. Utaona mikunjo miwili ya pembeni iliyolaliana katikati ya mgongo, na ncha mbili zilizokunjwa kama bahasha. Anza na ncha, si katikati. Pitisha upande bapa wa chelewa chini ya ncha ya juu, sambamba na meza, na uisukume kwa mwendo mdogo wa kushoto na kulia. Usiinue. Nta ya miaka thelathini na zaidi imekwisha kukauka, na muhuri utaachia kwa mlio mdogo kama wa jani kavu la mwembe likikanyagwa. Ukisikia mlio huo, simama, hamia ncha ya pili, na urudie. Ndipo ufungue mkunjo wa katikati, ambao mara nyingi utajifungua wenyewe.

Pakiti yangu ya mwisho kuifungua kwa namna hii ilikuwa Topps ya besiboli ya mwaka 1987, yenye kadi zile za mpaka wa rangi ya mbao. Ilichukua dakika sita kutoka ncha ya kwanza hadi karatasi kulala wazi, na karatasi hiyo ninayo hadi leo bila mpasuko wowote. Ukiifanya kwa dakika moja, umeharakisha.

Muhuri ukikataa kuachia, usilazimishe. Hamia upande wa pili na uuache huo mgumu uwe wa mwisho; karatasi ikishalegea kwingine kote unaweza kuzitelezesha kadi nje bila kuugusa.

*Plastiki angavu.* Plastiki hii ilibanwa kuzunguka kadi, kwa hiyo haina nafasi ya kuingiza mkasi juu wala chini. Tafuta mkia wa mshono mgongoni, uubane kwa vidole viwili ukiuinua mbali na kadi, ukate tundu dogo kwenye mkia huo tu, kisha uivute plastiki kuelekea pembeni kwa urefu wa mshono. Ukiivuta kuelekea juu itakunja pembe za kadi kabla haijachanika.

*Jaribosi na plastiki ya rangi.* Upper Deck ya mwaka 1989 ndiyo inayojulikana zaidi kwa pakiti za jaribosi. Shika pakiti wima na uigonge taratibu mezani hadi kadi zote zishukie chini. Sasa juu kuna nafasi tupu. Pima kwa kidole mahali kadi zinapoanzia, kisha kata ule ukingo wenye mikunjo midogo, nusu sentimita juu ya kadi. Aina hii na ile ya stika inayofuata ndizo pekee ninazoshauri zikatwe juu, na hata hapa ukate baada ya kugonga, kamwe si kabla.

*Stika za Panini.* Kampuni hii ya Modena, Italia, ilitoa mkusanyo wake wa kwanza wa Kombe la Dunia kwa mashindano ya mwaka 1970 yaliyofanyika Meksiko, na pakiti zake ni karatasi nyepesi iliyogundishwa. Fanya kama jaribosi: gonga, pima, kata. Lakini kumbuka kwamba stika ina gundi mgongoni, na katika joto la pwani gundi huvuja pembeni na kushika karatasi ya pakiti. Stika ikikataa kutoka, ikate karatasi pande tatu na uifungue kama kitabu, usiivute stika.

*Umefaulu ikiwa* kadi bado zimepangana kwa mpangilio wa kiwandani, hujagusa uso wa hata moja, na karatasi ya nje ni kipande kimoja.

Hatua ya 5: Toa rundo zima pamoja

Najua hamu inayomshika mtu hapa, ya kutandaza kadi kama karata ili amwone haraka mchezaji anayemtafuta. Usifanye hivyo. Kadi zinaweza kuwa zimeshikana, na kuzitandaza kwa nguvu kunakwangua uso wa moja kwa ukingo wa nyingine.

Shika rundo kwa kingo ndefu, kidole gumba upande mmoja na vidole viwili upande wa pili, ulitoe lote na ulilaze juu ya shuka. Kisha toa ya juu kwa kuitelezesha kuelekea pembeni. Ikisogea kwa urahisi, endelea. Ikigoma, nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Bigijii, nta na kadi zilizogandana

Bigijii ya zamani huwa ngumu kama kipande cha kigae na huvunjika kuwa vipande vyenye makali. Ikiwa imelala tu juu ya kadi, inamisha kadi na uiache idondoke yenyewe, kisha fagia unga wake kwa burashi. Kufuta kwa kidole ni kukwangua. Ikiwa imeshika, pindisha kadi kidogo sana, kiasi cha upana wa ukucha, upande mmoja halafu mwingine: kadi inanyumbuka, bigijii hainyumbuki, na mara nyingi hubanduka yenyewe. Doa linalobaki limekwisha kuingia ndani ya karatasi na halina dawa. Maji, mate na spiriti vitaongeza doa la pili.

Usiionje. Kisha ifunge kwenye mfuko na uitupe nje ya nyumba siku hiyo hiyo, kwa sababu sisimizi wakiifuata watazipata na kadi.

Nta huonekana kama ukungu mweupe kwenye kadi iliyokuwa imeelekea muhuri. Ikiwa imetua kwenye uso laini wa kadi, vaa soksi ya nailoni kwenye kidole na usugue kwa mwendo wa duara bila kukandamiza, ukitazama mwanga unavyorudi usoni. Sekunde ishirini, pumzika, tazama, rudia. Ikiwa imeingia upande wa mgongo wenye karatasi kavu isiyo na mng'ao, iache. Pasi na karatasi ya kufyonza hubadilisha kadi yenyewe, na kampuni za kutathmini kadi, kama PSA inayotoa daraja la 1 hadi 10, hukataa kadi iliyochezewa.

Sasa tofali. Kadi zilizogandana zirudishe kwanza kwenye kontena la silika kwa siku tatu nyingine. Nimeona rundo lililogoma kabisa likaachia baada ya hapo bila kuguswa. Zikiwa kavu, shika rundo kwa kingo zake fupi na ulikunje kidogo liwe kama upinde, kisha upande wa pili. Utasikia mlio mwembamba wa kukwaruza: hizo ni kadi zinazoachana. Baada ya kila mlio, jaribu kuzisukuma kwa kuteleza, ya juu ikienda kushoto na ya chini kulia. Usiingize ukucha, usiingize chelewa, na usiibandue kadi kutoka pembeni kama stika, kwani nguvu yote hukusanyika kwenye mstari mmoja na rangi hung'oka hapo.

Ukiona rangi ya kadi moja imeanza kubaki kwenye nyingine, acha papo hapo. Kadi mbili zilizoshikana bado ni kitu. Kadi mbili zilizochunika si kitu.

*Umefaulu ikiwa* kila kadi imesimama peke yake na shuka lina unga wa bigijii tu, bila chembe ya rangi.

Hatua ya 7: Tazama, kisha visha

Tazama kila kadi mara moja tu, chini ya taa, kwa mambo manne: pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati ya mpaka wake. Andika kwenye daftari namba ya kadi na kasoro unayoiona. Kumbukumbu hiyo itakusaidia baadaye kujua kama kasoro ilitoka kiwandani au ilitokea kabatini mwako.

Kuvaa kifuko laini ndiko kunakopondesha pembe nyingi zaidi kwa mtu anayejifunza. Fungua mdomo wa kifuko kwa kukibana pande zote mbili hadi kiwe na umbo la jicho, ingiza pembe ya chini kwanza kwa kuegemeza, kisha pembe ya pili, na uiache kadi ishuke kwa uzito wake. Ndipo kifuko laini kiingie ndani ya kifuko kigumu. Kadi isiingie kwenye kifuko kigumu ikiwa uchi, maana plastiki ngumu huikwaruza.

Usifunge rundo kwa mpira wa kufungia noti. Mpira huo hukata kingo, na katika joto letu huyeyuka na kuacha mstari wa njano usiotoka.

Hatua ya 8: Hifadhi kwa hali ya hewa ya hapa

Kadi zilizovaa zirudi kwenye kontena lile lile, pamoja na silika na kipima unyevu. Ziweke kabatini kwenye rafu ya juu, si sakafuni wala karibu na ukuta wa nje, kwa kuwa kuta za nyumba nyingi za hapa Tanga, kama za Ngamiani na Chumbageni, hupandisha unyevu wakati wa masika. Mende nao hupenda wanga na gundi ya karatasi, kwa hiyo mfuniko ubane sawasawa.

Tazama kipimo kila Ijumaa, au siku yoyote utakayoikumbuka bila kujilazimisha. Kikipita asilimia 60, silika imeshiba. Ile ya punje zinazobadilika rangi unaweza kuikausha upya kwa moto mdogo kwenye kikaango ambacho hakitatumika tena kwa chakula, hadi rangi yake ya mwanzo irudi; iache ipoe kabisa kabla ya kuirudisha. Ile iliyofungwa kwenye vipakiti vya karatasi nunua mpya.

Karatasi ya nje usiitupe. Ilaze kati ya karatasi mbili nyeupe safi, uweke kitabu juu yake kwa siku mbili, kisha uitie kwenye kifuko chake cha peke yake, mbali na kadi kwa sababu bado ina nta. Nyuma ya kifuko andika tarehe ya kufungua, kipimo cha unyevu cha siku hiyo, na idadi ya kadi zilizotoka salama. Unapofungua pakiti inayofuata, soma kwanza maandishi hayo.